Mshale wa Geji ya Babu

Jumatatu, 3 Machi

Betri imekufa tena, na ni mpya! Shangazi kaisukuma pikipiki ya marehemu babu hadi bandani, mimi nyuma nasukuma huku naota. Nikiigusa tu naota — barabara ndefu, upepo, mimi mbele! Kaahidi kunifundisha ikipona. Baba kasema banda lake si makaburi ya vyuma: isipochaji kufikia Ijumaa, Jumamosi inakwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Shangazi kacheka: Kaka, hata wewe hukuzaliwa unakimbia.

Jumatano, 5 Machi

Fundi Shoti kaja, yeye ndiye aliyefunga betri mpya. Eti dainamo inayochaji betri imechoka. Na geji ya umeme — ile ya mshale, ukilala upande huu betri inalishwa, upande wa pili inanyonywa — eti mzee huyo muongo, ang'olewe. Nilitaka kuuliza kitu. Akaniwahi: "We Kimya, lete spana." Nikaleta. Ndiyo mimi huyo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua juu ya mabati. Nimekaa juu ya pikipiki, injini imezimwa, nikawasha taa. Mwanga wa asali ukutani, vumbi linaelea kama visamaki. Nikasafiri mbali... Kurudi, naona mshale: umelalia kulishwa! Injini imelala, taa inakula — nani analisha? Nikachungulia chini ya kiti. Waya wa fremu umefungwa kwenye ncha hasi ya betri, kama pikipiki za sasa. Klempu inayobana ncha inapwaya, Fundi kaijaza kipande cha kopo! Nikaijaribisha kwenye ncha chanya, iliyo nene. Ikakaa kama pete: kumbe pikipiki hii ya zamani fremu yake ni ya chanya! Geji haisemi uongo. Betri imefungwa kinyume!

Fizikia darasani najibu kwa Kiingereza, fasta. Kumwambia Fundi Shoti? Mungu wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi alishashika bisibisi, aing'oe geji. Nikasikia mtu anasema, "Betri iko kinyume." Kumbe mimi! Fundi kaangua kicheko: leo Kimya kanena! Nafunga betri tangu hujaota meno, binti.

Shangazi hakucheka. "Haya mwanangu, igeuze."

Nimeigeuza. Nikawasha taa — mshale ukaangukia kunyonywa. Sawasawa! Shangazi akapiga kiki, akapiga tena, injini ikakohoa, ikakubali. Mshale ukapanda mpaka sifuri, betri hailishwi wala hainyonywi. Ukagoma hapo.

Nimekimbilia ndani, eti kutafuta kitambaa. Uongo, naogopa kutazama. Injini bado inanguruma. Fundi anasema ivutwe mafuta tuone kama mshale utapanda kulishwa; usipopanda, kesho ni chuma chakavu. Shangazi anasema avute mwenyewe aliyegeuza — yaani mimi! Dirishani namwona Baba. Katoa kigoda, kaketi mbele ya geji. Wananiita