Mbuzi wa Glenna Anakusubiri

Hazel Park, Michigan
Aprili 9, 2017

Mpendwa shemeji Twyla,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matope. U mzima? Mgongo vipi? Na Dewey, kifua chake kimetulia na hilo joto la Arizona, au bado anakohoa kama trekta? Mimi mzima. Magoti yanauma, lakini ndiyo malipo ya kumwaga zege miaka yote. Nakula. Usiulize nakula nini.

Unajua mie si mtu wa kuandika. Dada yako Glenna ndiye alikuwa anaandika, mimi nalamba stempu tu. Simu nimejaribu. Nikipiga unaanza kulia, na mimi nakata. Kwa hiyo barua.

Theluji imeisha. Chumvi ya kuyeyushia barafu bado ipo barabarani, nyeupe kandokando ya lami, inangoja kula vyuma. Kila mwenye gari ya zamani mtaani kwetu anaangalia juu akiomba mvua. Mvua mbili kubwa, ndivyo dada yako alivyokuwa anasema. Ya kwanza inayeyusha chumvi, ya pili inaifukuza. Kabla ya hapo hata umwambie nyumba inaungua, hamtoi Mbuzi wake nje ya gereji. Jana imenyesha ya kwanza. Nimesimama mlangoni naiangalia mpaka kahawa ikapoa.

Ndiyo, nakuandikia habari za Mbuzi. Usikunje barua.

Najua gari ile imekukaa vibaya moyoni. Mwaka jana siku ya mazishi yake Glenna ulifika mpaka mlango wa gereji, ukageuka. Nilikuona. Sikukulaumu. Mimi mwenyewe nilikaa muda mrefu siingii.

Desemba nikaingia. Nilitaka tu kusikia. Ule mlio unaujua. Ni kama mtu mkubwa anacheka kifuani kabla hajafungua mdomo. Nikafungua mlango wa gereji, nikaingiza mguu mmoja ndani ya gari, nikakanyaga mafuta, nikawasha. Nikasimama pembeni na koti langu. Dirisha la jikoni likatetemeka vilevile kama zamani akirudi. Nyumba ikawa na mtu. Nikazima. Jumapili iliyofuata nikarudia. Ikawa ndiyo kanisa langu.

Jirani yangu Kaz ndiye aliyenikamata, yule Mpolandi mwenye tumbo, fundi wa mabasi ya shule. Alikuja kuazima ngazi, akakuta maji yanadondoka kwenye ekzosi.

"Verlin, unafanya nini?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini, unamuua huyu! Ndiyo mlio ninaousikia kila Jumapili?"

"Ndiyo."

"Na huendi popote?"

"Kuna chumvi."

Akashika kichwa. Akanieleza kama mtoto. Injini ile ukiiwasha kwenye baridi halafu usiende popote, haipati moto wa kutosha. Maji yanabaki ndani, yanakula mabomba, yanaingia mpaka kwenye oili. Ama uiendeshe, ama uiache ilale mpaka joto lirudi. Halafu akasema, "Wagane wengine wanafuga paka. Wewe unafuga moshi." Nilicheka, Twyla. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Tukaanza kumtengeneza. Ekzosi ilikuwa imeoza, ukibonyeza kidole kinapita. Tukaweka mpya. Oili imegeuka nyeupe kama maziwa, tukaimwaga. Kaz akafungua kabureta, akaisafisha juu ya meza yangu ya jikoni. Glenna angetuchinja wote wawili.

Na watu wanakuja. Sijui wanasikiaje. Mlango ukiwa wazi tu, mtu anapunguza mwendo, anapaki, anashuka. Mmoja daktari wa meno, ana gari mpya inayojipaki yenyewe. Alisimama na suti yake akamnusa Mbuzi, nakwambia alimnusa. Akaomba akae tu ndani. Nikamwambia kaa upande wa abiria. Akasema gari yake inajua kila kitu, amebaki yeye tu hajui kazi yake mle ndani. Ni maneno ya dada yako yale, ila Glenna alisema vizuri zaidi. "Gari za siku hizi zinakubeba. Hii ukilala inakutupa." Wiki nzima alikuwa kiwandani dada yako, anashona viti vya magari ya watu, Jumamosi anapigana na klachi yake mwenyewe, anarudi mkono unamuuma na anacheka.

Mimi nilimkuta akiwa ndani ya gari ile ile. Tulikuwa tunaziba mashimo barabara ya Dequindre, nimeshika kibao cha kusimamisha magari. Nikamsimamisha. Akaunguruma pale mpaka wenzangu wakaacha makoleo, akatoa kichwa dirishani: "Wee kaka, umekishika hicho kibao au kimekushika wewe?" Nikamwambia, "Subiri zamu yako, dada." Akasema, "Wewe maliza yako, utanikuta pale kona." Na nilimkuta. Nikapanda upande wa abiria na sikuhama tena. Watu walinitania maisha yangu yote, eti Verlin anaendeshwa na mkewe. Waache. Kutwa nilikuwa kwenye lori la zege, usukani ulinitosha. Hakuna kiti nilichokipenda duniani kama kile, namwangalia anabadilisha gia, mdomo ameukaza.

Sasa hapa ndipo nilipokwama. Mbuzi amepona. Kaz anasema lazima atoke, aende mbali, apate moto, majira yote ya joto. Asipotoka ataoza tena, na safari hii itakuwa injini, na injini ile hapati nyingine. "Sogeza kiti nyuma, uende," akaniambia. Nikaingia. Magoti yakagonga usukani. Unajua Glenna alivyokuwa mfupi, kiti kiko mbele kabisa. Nikainama nikashika kile chuma cha chini cha kusogezea kiti. Mkono ukakataa. Pale ndipo alipokiacha. Nguo zake nimegawa, kitanda nimegeuza, hata kikombe chake nakitumia. Kiti kimenishinda.

Kaz akajaribu yeye. Tumbo likagoma kwenye usukani, akakwama, mguu mmoja nje mmoja ndani. "Sogeza kiti basi, wewe mtu!" Nikasema hapana. Akaniangalia. Akajichomoa polepole, akafuta usukani na kitambaa, akaenda kwake. Hajaniuliza tena.

Twyla, wewe na dada yako mlivaa suruali moja. Mama yenu alikuwa anawakatia pindo bila kuuliza ni ya nani. Na Glenna ndiye aliyekufundisha kuendesha, kwa gari hiyo hiyo. Siku hiyo tu ndiyo mlinitupa kiti cha nyuma. Unasaga gia, yeye anapiga kelele, "Hukorogi maharage hapo, mtoto wewe!" Na wewe unamjibu, "Basi shuka utembee!" Baadaye aliniambia unaingiza gia ya tatu vizuri kumzidi. Wewe hakukwambia, yeye ndiye dada mkubwa. Mie nakwambia.

Agosti watu watatoa magari yao ya zamani kuyatembeza barabara ya Woodward kama kila mwaka. Mwaka jana nilipita kwa miguu. Viti vya kukunja vimejaa kandokando toka asubuhi. Ila nafasi yetu, mbele ya lile duka la matairi lililofungwa, iko wazi. Hakuna aliyewaambia. Waliweka viti huku na huku, katikati wakaacha upana wa gari moja. Niliiangalia nikarudi nyumbani.

Njoo. Uje mapema ukiweza, huyu hawezi kungoja Agosti bila kutoka. Sikuombi usilie. Lia huku unaendesha. Dada yako alifanya hivyo siku tuliyomzika mama yenu, toka makaburini mpaka nyumbani, na hakukosa gia hata moja. Dewey akiona uvivu abaki na mbwa. Chumba cha nyuma nimepiga deki.

Msalimie huyo Dewey wako. Msalimie Janelle na mumewe, na shangazi Ocie kama bado anagombana na manesi. Kaz anakusalimu, anasema ukija ufunge mkia wa nywele, dirisha la upande wako halipandi. Mungu awatunze wote hapo, akupe mgongo mzima na njia nyeupe.

Mvua ya pili imeanza sasa hivi nikiandika. Inapiga bati la gereji, na mferejini chumvi inaondoka. Nimetoka kuangalia. Kiti kiko palepale, Twyla, miguu yako itafika. Mimi nitakaa upande wangu.

Shemeji yako, akupendaye hata asiposema,

Verlin