Majina Yaliyosomwa Itebero

Itebero, tarehe 8 mwezi wa pili 1953

Dada yangu Mukashema,

Nakusalimia sana, wewe na mama na watu wote wa Karuba. Mugongo ya mama iko namna gani? Mimi niko muzima, ila miguu imevimba. Nilitembea siku kumi na moja.

Padri alinituma kuamusha kanisa iliyolala, na kweli nimeikuta imelala. Katekista wa mbele aliondoka miaka ine iliyopita, na mbuzi wanalala karibu na altari. Jumapili ya kwanza walikuja watu watatu: muzee mumoja, na Gustave na bibi yake Françoise, waliobatizwa zamani. Hao njo wamenipa chumba. Françoise ananipikia sombe na kunicheka juu ninalilia baridi ya kwetu.

Mudogo wako,
Evode

Karuba, tarehe 20 mwezi wa ine 1953

Mudogo wangu Evode,

Amani kwako. Sisi tuko. Mugongo ingali inamusumbua mama, lakini analima. Nilipomusomea barua yako alisema, "Mwambie asiwe mukali kama baba yake." Wewe unajua. Baba alikuwa mutu wa haki, na alikufa bila rafiki hata mumoja.

Wasalimie Gustave na bibi yake. Nawashukuru sana.

Dada yako,
Mukashema

Itebero, tarehe 18 mwezi wa kumi 1953

Dada yangu,

Salamu nyingi. Habari ya mama? Mimi niko na afya, lakini moyo hautulii.

Kanisa ilikuwa imeamuka, dada. Jumapili tulifika watu sitini, na mafundisho ya ubatizo yalikuwa na watu thelathini na mumoja. Gustave alikata miti ya paa yote. Sasa wanaume wamepeleka watoto wao porini kuwatahiri kwa desturi ya babu zao, na watakaa kule miezi. Padri ameandika: baba yeyote aliyepeleka mutoto asomwe mbele ya watu, afutwe katika buku ya majina, asipewe sala ya kanisa hata akiwa anakufa.

Wako kumi na tisa. Gustave naye alipeleka mutoto wake wa kwanza. Aliniambia, "Evode, mutoto asiyepita kule hatapata bibi hapa, wala hatakaa na wanaume wenzake. Mimi sikumuacha Yesu. Usisome jina langu."

Nifanye nini? Nitangoja jibu lako mupaka Noeli.

Mudogo wako,
Evode

Karuba, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 1953

Evode,

Tunakusalimia wote. Barua yako imechelewa, kwa hiyo nasema upesi: usisome. Mwambie Padri akuje mwenyewe asome, aone macho ya hao watu. Gustave alikupa nyumba. Nimemupa barua hii Straton, muuza chumvi anayeenda upande wenu wa Walikale, na nimemuomba asilale njiani.

Dada yako

Itebero, tarehe 28 mwezi wa pili 1954

Dada yangu Mukashema,

Natumaini mama iko muzuri. Usiulize habari yangu.

Barua yako ilifika tarehe 16 ya mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimesoma siku ya Noeli. Jina ya Gustave ilipotoka, Françoise alisimama katikati ya sala akaondoka. Wengine wakamufuata. Nilibaki na watu wanane. Siku ile nilihama kutoka nyumba ya Gustave.

Juma mbili nyuma yake, Françoise alishindwa kuzaa. Gustave alikuja mulangoni kwangu katika mvua. Akasema, "Anakufa. Anaomba sala. Yeye hukumusoma jina."

Nikamujibu kwamba bibi yake alipikia watoto wa porini chakula, kwa hiyo kosa iko ya nyumba yote. Dada, hiyo neno Padri hakuisema. Niliitoa mimi mwenyewe, juu nilikuwa na hasira na Françoise tangu alipoondoka siku ya Noeli. Gustave aliniomba mara tatu. Kisha akaenda. Françoise akakufa, wakamuzika pamoja na mutoto, bila musalaba.

Nilimuandikia Padri. Jana amejibu: "Nilisema akina baba. Mwanamuke huyo hakuwa na kosa. Kwa nini hukuenda?"

Evode

Karuba, tarehe 2 mwezi wa tano 1954

Mudogo wangu,

Nimelia. Mama sijamwambia. Nenda kwa Gustave, upige magoti, usijitetee. Kisha urudi kwetu.

Dada yako anayekupenda,
Mukashema

Walikale, tarehe 11 mwezi wa nane 1954

Dada yangu,

Pokea salamu. Niko njiani.

Nilienda kwa Gustave kama ulivyosema. Alikuwa anashona wavu wa kuwinda. Nilipiga magoti, nikasema nimekuja kumuombea Françoise. Hakukasirika, na hiyo njo ilikuwa mubaya zaidi. Alisema pole pole, "Alikaa siku mbili. Kila aliposikia miguu inje aliuliza, 'Huyo njo Evode?' Mimi nilikuwa namwambia ndiyo, uko karibu." Akarudilia wavu wake. "Rudi kwenu, Evode. Hapa hakuna mutu wa kukusikiliza tena."

Ilikuwa kweli. Jumapili tatu nilipiga kengele, hakuja hata ule muzee. Padri akaandika nifunge kanisa, nimuletee buku. Hatatuma mwingine.

Nitafika wakati wa kuvuna maharagwe. Usiwaambie majirani, wasije kunipokea na nyimbo. Wakiniomba niongoze sala, sitaweza. Kila asubuhi njiani najaribu kumuombea bibi ya Gustave. Nafika kwa jina lake, na hapo sauti inakatika.

Mudogo wako,
Evode