Mlango Uliousimamia

Baba,

Chai uliyopanda kule chini karibu na mto imeshachumwa mara nyingi tangu tukuzike hapa Birongo, na bado sijakulilia. Watu wanadhani nimejikaza. Sijajikaza. Nimekasirika, na wa kuambiwa ni wewe, ndiyo maana nimekaa jikoni kwa Mama nakuandikia.

Mazishi yako yalikuwa makubwa. Askari wako wa chuo walikuja na sare zao za buluu, wakabeba jeneza kwa mwendo wa gwaride. Mkuu wa chuo akasema wewe ndiye uliyejenga Idara ya Ulinzi kwa mikono mitupu. Hapo hakudanganya. Nakumbuka kilipokuwa bado chuo cha walimu, ua ni wa michongoma, na ulinzi wote ni masoja wachache wenye makoti marefu, rungu na tochi. Nawe ulikuwa mmoja wao. Wasichana waliochelewa maktaba uliwasindikiza hadi hosteli ukiwauliza habari za kwao. Likizo ulinichukua nikae nawe kibandani, na wanafunzi wakipita waliniita Moraa wa Soja. Nilijivunia hilo jina, Baba. Nilijivunia sana.

Kisha kikawa chuo kikuu. Ukaja ukuta, likaja geti la chuma, vikaja vitambulisho. Mkapelekwa kufunzwa na polisi, mkarudi na redio za mkononi, mbwa na landrova. Ukapanda cheo hadi ukawa mkuu wa wote. Mkajijengea na chumba cha kufungia watu, kule nyuma ya jenereta. Nilikuuliza mezani ni nani aliyewaruhusu kufunga watoto wa watu. Ukajibu huku unatafuna: "Polisi wa mjini wako mbali. Humu ndani sisi ndio serikali."

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni pale pale, maji yalipokatika hosteli. Tulibeba mitungi mitupu tukaenda kukaa mbele ya ofisi za utawala. Tuliimba tu. Kemunto, tuliyelala naye chumba kimoja, yule aliyekuja hapa nyumbani ukampakulia mboga za chinsaga kwa mkono wako mwenyewe, ndiye aliyekaa mbele. Watu wako wakamkokota mchana kweupe. Niliwafuata mbio hadi kwenye jenereta. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, mikono nyuma. Ndani nilimsikia akilia: "Baba Moraa! Baba Moraa, waambie waache!"

Alikuita wewe. Wewe!

Ulinitazama usoni ukasema, "Moraa, rudi hosteli. Nikiwa kazini mimi si baba ya mtu."

Mkono wake wa kulia haukupona. Mbele ya kamati ya nidhamu ulisema alianguka kwenye ngazi. Ngazi gani, Baba? Chumba kile kina sakafu na kuta, basi. Nami nilipowaeleza nilichoona, waliniambia nina hasira za nyumbani. Kemunto akafukuzwa chuo. Siku hizi anauza mitumba soko la Daraja Mbili, anakunja sweta kwa mkono mmoja na kidevu.

Nilikusihi useme ukweli. Ukaniambia, "Ngoja nistaafu." Ukastaafu. Ukaanguka shambani kwa presha ukiwa hujasema neno, na watu wakaniambia nikusamehe kwa kuwa umekufa. Kwani kufa ni kuomba msamaha?

Sasa Kemunto ameshtaki chuo, na mimi nimetoa ushahidi kortini mjini Kisii. Wakili wa chuo aliniuliza, "Unamchukia marehemu baba yako?" Nikajibu ndiyo. Nilitaka kuongeza kitu, lakini hakimu alikuwa ameshaandika. Wakili akasema basi huo ni uchungu wa binti tu, na hakuna shahidi mwingine anayejua lolote.

Mama alikuwa ameketi nyuma. Hakuwa akinisemesha tangu nikubali kuwa shahidi. Chuo kimemwalika akate utepe wa jengo jipya la ulinzi, litakaloitwa kwa jina lako, na walikuwa wamemletea kitambaa cha kushona gauni. Nilijua ataenda. Jana nikichuma chai alinijia katikati ya mistari, hana hata kikapu, akaongea kwa Ekegusii, sauti ya chini.

"Aliniambia jioni ile ile," akasema. "Aliketi jikoni akasema, 'Nimewaacha wakamvunja mtoto wa watu, na alikuwa akiniita mimi.' Chakula hakukigusa." Akachuma jani moja, akalitupa. "Kitambaa nimewarudishia. Nitakuja korti niseme."

Kumbe mdomo wako uliweza! Maneno hayo uliyatoa hapa hapa ninapoandikia, kisha ukamwachia mkeo ayameze miaka yote hii, ukarudi kazini asubuhi na buti zinang'aa. Nimekasirika upya, Baba. Na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, kilio kinanijia.

Kwaheri. Siwezi bado kukutakia usingizi mwema. Ninachokuahidi ni hiki: kesi ikitajwa tena, Mama atasimama mbele ya hakimu, nami nitakuwa nimemshika mkono hadi pale nitakaporuhusiwa kufika. Atayasema maneno yako kama ulivyoyasema, bila kupunguza. Kemunto atakuwepo. Amesubiri muda mrefu kuyasikia, na alitaka ayasikie kutoka kwako.

Binti yako,
Moraa