Tunakuja na Gari la Mkate

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha viatu.
Jumapili, 4 Mei

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji yangu na wapwa zangu wawili. Mko salama kweli? Kile kikohozi cha mdogo kimeisha? Na mgongo wa shemeji unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema hawezi hata kuinama kufunga kamba za viatu. Mwambie apunguze kubeba mizigo, mgongo hauna spea.

Sisi huku tunapumua. Mimi bado naendesha basi la shule, na watoto bado wananiita Breki, kwa sababu nikiona hata kivuli barabarani nakanyaga. Wifi yako mzima, yuko palepale duka la dawa, na sauti yake inasikika mpaka kituo cha basi. Mama naye yupo. Habari zake nitakupa, ila si hapa juu. Vumilia.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua mtu mzima mimi, wakati simu ipo. Nikianza jambo zito kwenye simu, mtandao wako hukatika. Mimi si mtoto, Chiriku. Najua mtandao uliokatika na mtandao uliokatwa. Karatasi haikatiki, utaisoma mpaka mwisho.

Haya. La kwanza ni gari. Nimenunua lile gari kuukuu la mwoka mikate wa mtaani kwetu, refu la nyuma, lenye mlango wa kuteleza. Alikuwa analitoa kwa bei ya chuma chakavu. Injini nimeifungua mwenyewe nikaifunga mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, na sasa inawaka bila kubembelezwa. Ndani nimeng'oa rafu za mikate, nikaweka kitanda cha Mama chini ya dirisha. Mimi na wifi yako tutalala kwenye godoro la kukunja. Kuna jiko dogo la gesi, dumu la maji lenye bomba, na ndoano tatu za vikombe. Juzi mvua ilipiga siku nzima, halikuvuja hata tone. Ila bado linanukia mkate jua likiwaka, na wifi yako analalamika kwamba kila akiingia anasikia njaa.

Gari hilo ni la kuja kwenu. Shule zikifungwa mwezi wa sita nina likizo ya wiki saba. Tutatumia siku kumi na sita kuja, tutakaa kwenu siku kumi, halafu tutarudi polepole. Mipaka ni mitatu. Barabara ya milimani hufunguliwa kiangazi tu, theluji ikishayeyuka, kwa hiyo ni sasa au hakuna. Ramani nimeibandika ukutani, na wifi yako ameshaichora kwa kalamu nyekundu mpaka haisomeki.

Tutafunga mkanda hasa. Hoteli hatuitaki hata kwa macho. Tutalala kwenye maegesho ya malori, ambako madereva wenzangu wananiambia mtu anaoga bure akiomba kwa adabu. Barabara za kulipia tutazikwepa, tutapita za zamani. Mchele na maharage tunabeba kutoka hapa nyumbani, na tutakula hivyo mpaka tuchukiane. Bei ya ndege kwa watu watatu tuliuliza, ndiyo. Nilisikia nikaomba maji ya kunywa.

Sasa nifike kwa Mama. Kama umesimama, kaa.

Mama anapoteza macho. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha tangu mwaka jana. La kushoto limebaki katikati tu, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari wa macho hakutuficha. Alisema matone yanachelewesha, hayarudishi, na kwamba hawezi kutuahidi kuwa mwisho wa mwaka utamkuta Mama anaona. Nimeiandika sentensi hii mara tatu nikaifuta, na hakuna njia nzuri ya kuiandika.

Ngoja nikwambie nilivyojua, maana inaniuma mpaka leo. Mwezi wa pili nilimpa Mama kitambaa ashone mapazia ya gari. Unamjua Mama na cherehani. Miaka arobaini ameshona sare za shule za mji huu, na hakuna mzazi aliyewahi kurudisha nguo. Aliniletea mapazia manne. Matatu yalikuwa sawa. La nne pindo lake lilikuwa linapanda mlima, limeanza kwa uzi mweupe likamalizia kwa uzi wa njano. Mimi nikacheka. Nikamwambia mbele ya wifi yako, Mama, hili umelishona huku unasinzia?

Na yeye akacheka. Akalichukua mkononi mwangu akalikunja, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama leso, kisha akaingia chumbani kwake. Wifi yako akaniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuangaliwa nalo. Kumbe yeye alikuwa anajua tangu mwaka jana, matone yalikuwa yanatoka dukani kwao, na Mama alikuwa amemlisha kiapo. Chiriku, sijapata kujisikia vibaya namna ile tangu siku tuliyomzika Baba. Lile pazia sikulifumua. Nimelitundika kwenye dirisha la kitanda chake, na pindo lake hivyohivyo.

Mama hataki ujue. Na mimi amenilisha kiapo hichohicho, na sasa unaona ninavyokivunja. Alisema hivi: "Akijua, ataniita kwa kunihurumia. Mimi nataka aniite kwa kunitaka." Nilimwambia basi tuchange nauli, apande ndege peke yake afike kwa siku moja. Akasema, "Kwenye ndege mimi nitafumba macho tangu inapaa mpaka inatua, najijua. Nina macho ya siku chache, nikayatumie kufumba?" Anataka kuona milima, na mipaka, na watu wa huko wanavyoanika nguo zao. Na mwisho wa yote anataka kukuona wewe.

Lakini bila mwaliko wako hapandi gari. Nimembembeleza, wifi yako amembembeleza, tumegonga mwamba. Anasema haendi kugonga mlango wa mtu ambaye hakumwita, hata kama mtu huyo amemzaa mwenyewe.

Na wewe, mdogo wangu, tangu mwezi wa pili nimekuuliza mara tatu, mara tatu umesema mwakani. Miaka kumi na moja unasema mwakani. Hiyo mwakani yako ingekuwa mtoto, ningekuwa naibeba kwenye basi langu kila asubuhi. Mara sakafu inatengenezwa, mara paa, mara kuna wageni. Nyumba gani hiyo isiyomalizika kutengenezwa?

Usikasirike na nitakalosema. Najua kuhusu chumba. Yule rafiki yangu dereva wa lori, aliyekuletea kifurushi cha nguo mwaka juzi, alinieleza tulipokuwa tunapaka grisi magurudumu. Hakusema kwa ubaya, aliniuliza tu kama mnahitaji kitu. Alisema ni chumba kimoja, pazia katikati, choo cha pamoja mwisho wa korido, na watoto wanaandika kazi za shule juu ya kitanda. Alisema kilikuwa kisafi, na kwamba ulimlazimisha akalie kiti pekee mlichokuwa nacho, wewe ukasimama. Na alikukuta umevaa koti la kazi, la wale wanaosafisha maofisi.

Sijamwambia mtu. Miaka miwili sasa. Mama anaamini una meza yako na simu juu yake, na amewaambia hivyo wateja wake wote, mpaka yule mama wa vitumbua vya... aa, sikumalizii, umbeya si kazi yangu. Ila acha kufa na tai shingoni, mdogo wangu. Umesahau sisi tumelelewa wapi? Chumba kimoja nyuma ya cherehani. Wewe ulikuwa unalala juu ya marobota ya vitambaa, na asubuhi Mama akikuamsha ili amkatie mteja nguo, unagombana naye kwa sababu amekata shuka yako. Mwanamke huyo ndiye unamwonea haya kwa chumba kimoja?

Na hata kama unamwonea haya, sikia. Ndiyo maana nikanunua gari. Hatuhitaji chumba, Chiriku. Hatuhitaji kitanda, wala godoro la kuazima kwa jirani, wala shemeji kulala sakafuni na mgongo wake ule. Tunahitaji nafasi ya kuegesha gari moja. Urefu wake ni mita sita, nimelipima mwenyewe. Uliza mwenye nyumba, au uliza shule ya watoto, maana likizo uwanja wao utakuwa mtupu. Tutapika wenyewe. Kama hutaki Mama aone ndani kwako, usimwingize. Wewe toka nje, uje ukae kwetu. Chai itakuwepo.

Akiniuliza mwenyewe kuhusu kazi yako, sitamdanganya. Asiponiuliza, sitafungua mdomo. Kusema kweli nimechoka kuwa ghala la siri za wanawake wawili wanaopendana.

Kwa hiyo ninakuomba jambo moja tu. Kabla mwezi huu haujaisha, mpigie Mama. Usinipigie mimi, mpigie yeye. Mwambie aje. La macho usilitaje, jifanye huna habari. Wewe ndiye uliyekuwa unaongea tangu jua linachomoza mpaka Baba anaomba huruma, jina la Chiriku hukulipata bure, kwa hiyo maneno huwezi kuyakosa. Ukisema mwakani tena, sitakulazimisha. Ila sasa unajua unamwambia nani.

Tukifika, usimjie ubavuni, hatakuona. Usimrukie shingoni kama zamani, utamshtua. Simama mbele yake, mchana, karibu, utulie. Mwache akuangalie mpaka atosheke, hata ukiona anachelewa. Watoto nao waje mmojammoja. Picha zenu mnazotuma anazipeleka dirishani, anazigeuza, anazirudisha, anasema mmependeza. Sidhani kama anawaona.

Jana saa sita mchana nilikuwa nje naosha gari. Nikasikia vitu vinagongana ndani, nikachungulia. Mama alikuwa amesimama katikati, amefumba macho. Akanyoosha mkono akagusa jiko. Akasogea hatua, akagusa bomba la dumu. Akapapasa ukutani, ndoano ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatundika kikombe. Akahesabu hatua nne mpaka kitandani, akakaa, akalishika lile pazia pindoni. Kisha akainuka akaanza upya. Nilidhani anaumwa. Nikamuuliza, Mama, unafanya nini?

Hakufumbua macho. Akasema, "Najifunza safari ya kurudi."

Nikatoka nje nikaendelea kuosha gari. Kuna gurudumu nimeliosha mara mbili, na bado sikuwa naliona vizuri.

Basi nisikuchoshe. Wifi yako anakusalimu sana, anasema atamletea shemeji dawa ya kuchua, na kwamba maneno aliyonayo kwako hayaandikiki. Fundi viatu wa jirani anakusalimu, bado anakumbuka ulivyomvunjia kioo. Nisalimie shemeji na wapwa zangu, uwaambie mjomba wao anaendesha polepole lakini hufika.

Mama anakusalimu. Anajua nakuandikia mambo ya gari tu, na amenituma nikuulize watoto siku hizi wanavaa saizi gani, amepata kitambaa kizuri cha bluu. Niandikie saizi hizo. Mishono ikija imepinda, umeshajua kwa nini, na usiwaruhusu wacheke kama nilivyocheka mimi. Wavishe, uwasimamishe mbele yake.

Mungu awalinde, amtie nguvu shemeji, na jicho lile moja alituachie mpaka tufike.

Kaka yako akupendaye, anayeisikiliza simu ya Mama kutoka chumba cha pili,

Breki