Paa la Bhoke

Jumanne, Juni 2
Zamu imeisha saa tisa. Chanjo, vidonda, mtoto mmoja wa homa. Kutoka zahanati moja kwa moja kwa Bhoke, kumshikia kitambaa ashone. Jumapili ni sikukuu ya Ekaristi. Padri atatembeza Sakramenti Machochwe nzima, juu yake kitambaa hiki kwa fito nne. Hapa wanakiita paa. Zabibu, ngano, njiwa, uzi wa dhahabu. Nilikaa chini yake mdomo wazi.

Alhamisi, Juni 4
Kamati imeniachia kupanga wabebaji. Nimepanga kwa urefu, paa lisiende upande. Mbele: Bhoke, kwa kuwa kazi ni yake, na Mzee Mwita, aliyebeba la zamani mpaka panya wakalimaliza. Nimejisifu.

Ijumaa, Juni 5
Najisifu nini! Mzee Mwita ni baba mkwe wa Bhoke. Kwa mila ya Wakurya, mke wa mtu na baba mkwe wake hawakai chini ya paa moja. Mzee hajawahi kukanyaga nyumba ya Bhoke. Hata kanisani kila mmoja ana upande wake. Mimi wa Njombe nilitazama urefu tu. Aibu tupu.

Jumamosi, Juni 6
Bhoke amejitoa. "Dada nesi, yule ni mzee. Mimi nimeshika sindano, inatosha." Haitoshi. Macho mekundu kwa kushona tangu mavuno, halafu akae nyuma na wapiga vigelegele. Nina hasira, na wa kulaumiwa ni mimi.

Jumapili, Juni 7
Jua lilipenya paa, dhahabu ikamwagika kwenye mabega ya padri. Watu wakapiga magoti vumbini, hata wachungaji wa ng'ombe wasiosali kwetu. Mzee Mwita akainua macho. Hajawahi kuona kazi ya mkwewe, angeionea wapi? Akawa anajikwaa kwa kutazama juu. Njia panda akasimama. Maandamano yote yakasimama. Akanipa ufito wake, mimi niliyekuwa kando.

"Nesi, shika. Mwite mwenye paa."

Akatoka, akatangulia mbali, peke yake. Bhoke akaja analia. Nikamwachia ufito. Mungu wangu, nimeona.

Mvua ikatukuta tukirudi.

Jumatatu, Juni 8
Zahanati, kisha kwa Bhoke. Paa limelowa. Amelianika kwenye uzio wa mbele, nakshi zikitazama njia. Mzee Mwita alipita na ng'ombe wake. Ng'ombe wakaendelea. Yeye akabaki nje ya uzio, kofia mkononi.

Bhoke alimwona. Akaingia ndani, ili mzee atazame kwa nafasi.