Lenzi Ndogo na Wasimamizi wa Keki

Doña Hortensia mpendwa, nisaidie, maana hapa mtaani kila ninayetaka kumuuliza ana upande wake tayari. Nina miaka ishirini na sita, napiga picha za sherehe hapa mjini Atlixco kwenye studio ya mjomba wangu Abundio, na balaa langu lilianza na lenzi.

Mwezi wa pili nilinunua lenzi ya milimita hamsini, ile ndogo ya plastiki, rahisi kuliko zote dukani, ambayo haivuti mbele wala hairudi nyuma, ukitaka mtu aonekane mkubwa unamsogelea kwa miguu yako, ukitaka aonekane mdogo unarudi kinyumenyume, basi, na mjomba alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Binti, watu wanataka kuona mzinga, wewe unawapelekea kizibo cha soda?" Lakini doña, mimi nimefanya kazi miaka mitano na huo mzinga wa studio, ile lenzi kubwa ya kuvuta, mzito, ukiwa kanisani bila flashi hauoni kitu, ukiwasha flashi padri ananuna na nyuso zinatoka nyeupe kama zimemwagiwa unga, na siku ya kwanza nilipoifunga hii ndogo nikampiga mama yangu akichambua maharage karibu na mlango, kwa mwanga wa mlango tu, macho yake yakatoka yametulia, mikunjo yake yote ipo, na jiko nyuma yake limefifia kama moshi, nikakaa nikaitazama ile picha nikalia, sioni haya kukuambia. Kumbe miaka yote ile nilikuwa naona vizuri, ila nilikosa cha kuonea.

Basi ikawa sitoki bila hiyo, na mwisho ikawa sitoki na nyingine. Mwezi wa tano kulikuwa na sherehe ya miaka kumi na mitano ya Yareli, binti wa doña Filiberta anayeuza mchuzi wa mole sokoni, mjomba alikuwa na harusi mji mwingine, nikaenda peke yangu, na mzinga nikauacha kabatini kwa makusudi, sikuusahau. Kwenye misa nilipiga picha ambazo sijawahi kupiga maishani, na tuliporudi nyumbani, baba yake alipopiga magoti kumvua viatu vya utoto amvishe vya visigino, yule mzee fundi wa kuchomelea, vidole vyake vikashindwa na kifungo kidogo, mimi niko hatua mbili tu kutoka kwake, nikaipata, na mama mtu ameiomba ikuzwe ijae ukuta.

Kisha ikaja picha ya wasimamizi wote, wale waliogharamia kila mmoja kitu chake, wa gauni, wa taji, wa viatu, wa muziki, wa keki, watu kumi na wanane, na ua wa doña Filiberta ni mwembamba, nikarudi nyuma, nikarudi tena, nikagonga ukuta, na bado wa pembeni wanakatika, nikawaambia wasimamizi wa keki, doña Eduviges na mumewe, "Nyinyi subirini pale na keki yenu, nitawapiga peke yenu, itapendeza zaidi," wakasogea wanatabasamu, doña Eduviges akanyoosha upindo wa gauni lake, mara dansi ya valsi ikaanza, nikamkimbilia Yareli, na sikuwarudia. Sikuwarudia kabisa, doña. Na ile keki ya ghorofa tatu alikuwa ameioka mwenyewe, ilikuwa imepinda njiani kwa joto, mtu mmoja akapaza sauti, "Hii keki imelewa kabla yetu!" na yeye akacheka pamoja na wengine.

Albamu ilipotoka doña Filiberta aliifungua, na kabla hajasema lolote jingine akauliza, "Comadre wangu yuko wapi?" yaani doña Eduviges, mama wa ubatizo wa binti yake, nami nikamwambia kadi ya kamera iliharibika, picha za kipande kile zikapotea, akaamini, akaenda kumweleza mwenzake. Wiki iliyofuata mjomba, ambaye hakujua lolote, akaweka dirishani picha kubwa ya Yareli akicheza valsi, doña Eduviges akapita, akasimama pale muda mrefu, maana wakati ule wa valsi ndio yeye alikuwa amesimama na keki akinisubiri, akajua kadi haikuharibika. Sasa anasema comadre wake ndiye aliyeagiza aondolewe kwa sababu ya keki iliyopinda, na doña Filiberta naye anasema, "Kama amechoka na undugu wetu aseme tu, asitafute visingizio kwa watoto wa watu." Doña Eduviges ndiye aliyemsimamia Yareli ubatizo, wamezikiana wazazi, na leo hawasalimiani, na Jumapili mtoto wa mwisho wa doña Filiberta anabatizwa, aliyekuwa amsimamie ni doña Eduviges, na wameanza kutafuta mwingine.

Mjomba ameukuta mzinga kabatini umejaa vumbi, akajua kwa Yareli nilikwenda bila huo. Anasema niuze kizibo changu kabla ya Jumamosi, maana tuna sherehe ya binti mwingine, la sivyo nitafute studio nyingine. Doña Hortensia, niiuze?

Mpiga Picha, Atlixco

*

Mpiga Picha,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Lenzi umeipa nusu ya karatasi, na uongo wako umeupa mstari mmoja, umepita mbio kama paka mwenye nyama mdomoni. Mimi nimekuona.

Nitaanza na lenzi kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza, na ndiyo nyepesi. Hapa gazetini tuna mpiga picha wetu, don Wenceslao, nikamwita nikamsomea barua bila kutaja mji. Akatoa mfukoni ya kwake, ileile, imechakaa, imekwanguka pande zote. "Hii ndiyo imenilisha miaka kumi na moja," akasema. "Ile kubwa naibeba ili waniheshimu mlangoni. Nikishaingia natumia hii." Alipofika kwenye mambo ya ua akashika kichwa. "Watu kumi na wanane, ukuta mgongoni, na hamsini? Alitaka kuubomoa?"

Kwa hiyo usiiuze. Inaona kwenye giza la kanisa, inapenda uso wa mtu, na hata ikianguka hutafunga duka. Lakini haichukui ukoo mzima ndani ya ua mwembamba, na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana mzinga uliuacha makusudi, ili usishawishike. Hayo yalikuwa majivuno, binti yangu. Nakuelewa, mtu aliyehangaika miaka mitano akipata chombo kinachomsikiliza hulewa kidogo, ila sherehe ile haikuwa yako. Mwambie mjomba kwamba kuhusu kabati alisema kweli na kuhusu kizibo alikosea, umwonyeshe picha ya yule baba na viatu, aitazame vizuri. Jumamosi beba zote mbili. Na kabla ya misa mwombe mama wa binti majina ya wasimamizi wote, uyaandike kwenye karatasi, ukate jina la kila uliyempiga. Watu hujinyima miezi sita wapate kuitwa wasimamizi wa keki, na keki yenyewe huliwa siku hiyohiyo. Kinachobaki ni picha. Miaka mitano kazini na hili nikufundishe mimi?

Sasa lile zito. Kumsahau mtu kwenye vurugu za sherehe hutokea, hata don Wenceslao alishamsahau bibi harusi, na ameniomba nisiandike. Wewe ungesema siku ile albamu ilipofunguliwa, ungegombezwa, mambo yakaisha. Ulidanganya ili wewe tu upone, na waliolipia ni wanawake wawili ambao hawakukosa kitu. Mmoja anaamini kwamba rafiki yake wa miaka kumi na mitano amemwonea haya mbele ya watu. Mwenzake anaamini ametupwa. Nimekasirika nilipofika hapo, nakuambia wazi, nikanywa maji kwanza ndipo nikaendelea kusoma.

Barua hii inatoka Alhamisi. Ukishaisoma, funga studio uende sokoni kwa doña Filiberta, umweleze yote, hata kama kuna wateja wanasubiri mole. Atakufokea. Usilie, kwa sababu ukilia ataanza kukubembeleza, na siku hiyo hutastahili kubembelezwa. Mwombe jambo moja tu, kwamba msimamizi wa Jumapili asitafutwe mwingine mpaka jioni.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa doña Eduviges. Kamera iache, zote mbili, mzinga na kizibo. Ukifika nayo ataona umekuja kununua msamaha kwa picha. Siku akitaka kupigwa, yeye na mumewe, na gauni lile, na keki nyingine akipenda kuioka, atakuita mwenyewe, nawe utakwenda hata kama ni Krismasi. Asipotaka, hutadai.

Mlangoni usianze na habari za ua, wala ukuta, wala mwanga. Mwambie hivi: "Doña Eduviges, nilikuambia usubiri nikakusahau, kisha nikadanganya. Comadre wako hakuagiza chochote. Alipofungua albamu, kitu cha kwanza alichouliza ni wewe uko wapi."

Kisha nyamaza, umwache mama wa watu avae viatu vyake aende sokoni kwa comadre wake.

Doña Hortensia