HAPAKUWA NA UPEPO

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Ngara
Tarehe 2 Julai 2025, saa 4:10 asubuhi

Jina: Leonsia Idefonsi
Umri: Miaka 38
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mkulima
Makazi: Kata ya Mugoma

Mimi ni mke wa Frednand Hategekimana, mpasua mbao. Marehemu Petronila ni mama yangu mzazi. Afande amenieleza kwamba mke halazimishwi kutoa maelezo dhidi ya mumewe. Nimeelewa, na nimeamua kusema.

Mnamo tarehe 21 Juni, siku ya Jumamosi, majira ya saa tano asubuhi, nilikuwa uani kwangu pamoja na mama. Alikuwa ametoka Nemba, Biharamulo, kuja kunisaidia kuvuna maharage. Tulikuwa tumeshayapiga, tumekaa tu tunasubiri upepo tuyapepete. Kulikuwa shwari kabisa. Ukirusha makapi yanakurudia machoni. Mama alinitania kwamba huku Mugoma hata upepo ni mvivu.

Mume wangu alifika na mteja wake kutoka Kabanga, anaitwa Novatus. Walikuja kuangusha mkaratusi ulio nyuma ya jiko, na mahali pa kuulaza palikuwa hapo hapo uani.

Naomba nieleze jinsi mume wangu anavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Ana fimbo yenye urefu wa mkono wake. Anaishika wima mbele ya jicho, mkono umenyooka, halafu anarudi nyuma mpaka fimbo ifunike mti wote, shina hadi kilele. Pale aliposimama ndipo kilele kitakapofika. Anaweka alama, kisha anaongeza hatua nyingi kupita alama, ndipo anaruhusu watu wakae. Mwaka tuliooana nilikuwa namcheka kwamba anapima miti kama fundi cherehani. Nilimuuliza kwa nini anaongeza hatua na ameshapima. Alinijibu, "Nimekadiria. Najua naweza kukosea, na najua ni kwa kiasi gani." Nilimpenda kwa jibu hilo, sifichi.

Siku hiyo, nikiwa naingia jikoni, nilimsikia Novatus akimwambia, "Fundi mzima bado unachezea kijiti?" Wakacheka wote wawili. Nilipotoka nilimuuliza mume wangu, "Baba Kaneza, umepima?" Akanijibu, "Nimeshakadiria, Mama Kaneza. Hapo mlipo mti hauwafikii." Mama alikuwa ameanza kuinuka asogee. Mume wangu akamwambia, "Kaa tu mama, usijisumbue." Mama akasema, "Haya, asante mwanangu," akakaa. Ile asante yake imenikaa kifuani mpaka leo.

Akawasha msumeno wa mashine. Mimi niliingia ndani kutafuta ungo. Nilisikia mti unalia, kisha kishindo. Nilipotoka, mama alikuwa chini ya matawi ya kilele, na maharage yametapakaa kila mahali. Tulimpeleka hospitali kwa gari la Novatus. Alifariki Jumatatu.

Mti haukugeuka. Ulilala pale pale alipotaka ulale, ila ulikuwa mrefu kuliko alivyosema.

Tarehe 25 Juni, tukiwa Nemba baada ya mazishi, mume wangu aliniita nyuma ya nyumba. Alilia. Aliniambia kwa lugha yetu ya nyumbani, "Sikupima. Niliona aibu mbele ya yule mteja. Nilibahatisha tu." Nilimwonea huruma. Ni baba wa watoto wangu, na huenda ningenyamaza. Lakini hata machozi hayajamkauka akaniambia, "Ukiulizwa, sema nilikadiria vizuri, upepo ukaugeuza mti." Kisha akaniambia ameshawaeleza kaka zangu kwamba alimwonya mama asogee, mama akakataa. Mama yangu ametii neno lake, na yeye amemfanya mkaidi akiwa kaburini.

Afande ameniuliza tofauti iko wapi, maana hata anayekadiria hana uhakika. Ni kweli hana uhakika. Lakini anajua kwamba hana, ndiyo maana anapima kwa kile alicho nacho na anawasogeza watu mbali zaidi. Anayebahatisha hana kitu mkononi, anatumaini tu. Mume wangu anayajua yote mawili kuliko mtu yeyote Mugoma, na ni yeye aliyenifundisha. Angekadiria akakosea, ningesimama mbele ya kaka zangu nikamtetea mpaka sauti ikauke. Yeye alibahatisha, akatuambia amekadiria, na kwa neno hilo mama akakaa.

Kuhusu upepo, ungekuwepo tungekuwa tumeshapepeta na tumeondoka pale. Na upepo haurefushi mti.

Mume wangu yuko nje kwa dhamana. Asubuhi ya leo amenileta hapa kituoni kwa pikipiki, na sasa hivi amekaa kwenye benchi hapo mbele ananisubiri. Njiani aliniuliza kama nakumbuka tulivyoongea. Nilimjibu nakumbuka.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, na ni maneno yangu mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: Leonsia Idefonsi

Maelezo ya mpokeaji: Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Mahali fulani niliandika "alikadiria vibaya". Shahidi aliomba nikate, nikakata, naye akatia sahihi pembeni. Amemaliza saa 5:25 asubuhi. Ameomba atokee mlango wa nyuma. Nimemruhusu.

Koplo Priscila